Minara ya mbao kando ya reli: eleveta za Kanada zilijengwa kwa kazi gani, na kwa nini zimeachwa

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, kwetu Makambako, ila kwa sasa naishi Brandon, Manitoba. Nikipita Saskatchewan kwenda Alberta naona majengo marefu ya mbao kando ya reli. Mengine yameandikwa jina la kijiji kwa herufi kubwa, mengine yameinama na bati limeng'oka. Wazee wa huku wakiyataja utadhani wanataja marehemu. Yalikuwa ya kazi gani hasa? Kwa nini yalijengwa mengi hivyo, halafu yakaachwa? Na kwa nini sisi wa mahindi hatukuwa nayo? Nyongeza: moja lipo karibu na ninapoegesha kupumzika. Nikiingia ndani kuchungulia kuna tatizo?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na pole na barabara. Hizo ni eleveta za nafaka. Kwa nje zinafanana na ghala, lakini kutunza nafaka haikuwa kazi yake kubwa. Kazi yake ilikuwa kupima, kupanga daraja na kupakia kwenye behewa, basi. Ukiona ngano imekaa humo miezi, ujue mabehewa hayajafika. Nakwambia hili mapema kwa sababu ugomvi wote uliozizunguka eleveta kwa miaka mia moja ulikuwa juu ya mambo hayo matatu: nani anashika mizani, nani anasema ngano hii ni daraja la kwanza au la tatu, na nani anapewa behewa kabla ya mwenzake. Mkulima wa Njombe au wa Kitale hahitaji kuelezwa ugomvi huo ni wa namna gani.

Mashine yenyewe haikuzaliwa kwenye nyanda za Prairie, yaani tambarare za Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Ilizaliwa mjini Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1842. Meli za Maziwa Makuu zilikuwa zikileta ngano kutoka magharibi, na hapo Buffalo ilibidi ihamishiwe kwenye mashua za Mfereji wa Erie. Walioihamisha ni vibarua, wengi wao Waairishi, wakiitoa kwenye tumbo la meli kwa mgongo. Mfanyabiashara Joseph Dart, na fundi wake Robert Dunbar, wakafunga mkanda wenye vikombe unaozungushwa na injini ya mvuke: unateremshwa melini, unachota, unapanda hadi juu ya jengo, unamwaga. Mkanda wa vikombe haukuwa ubunifu wa Dart, kwani Oliver Evans alishautumia kwenye vinu vya unga tangu mwishoni mwa karne ya 18. Kilichokuwa kipya ni kuufunga kwenye jengo la bandarini na kuupa nguvu ya mvuke. Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimcheka, akamwambia eleveta ya bei nafuu kuliko zote ni mgongo wa Mwairishi. Mashine ya Dart ilishusha busheli 1,000 kwa saa, na busheli moja ya ngano ni kilo 27 na kidogo. Piga hesabu mwenyewe ni wapagazi wangapi hao.

Lakini badiliko kubwa lilikuwa la kisheria kuliko la kiufundi. Gunia lina mwenyewe. Lina alama yako, na likipotea unajua umepoteza nini. Ngano ikishamwagwa pamoja na ya jirani, ile yako haipo tena. Ulichobaki nacho ni karatasi inayosema unadai busheli kadhaa za daraja fulani. Chicago walilielewa hilo mapema. Soko lao la nafaka, lililoanzishwa mwaka 1848, liliweka madaraja rasmi katika miaka ya 1850, na karatasi za eleveta zikaanza kuuzwa na kununuliwa kama fedha, kabla ngano yenyewe haijasogea hata hatua moja. Ukisikia leo habari za stakabadhi ghalani kwenye korosho na ufuta, yaani mkulima kupewa karatasi ya mzigo aliouweka ghalani, mzizi wake ni huko.

Sasa tuje kwenye hayo unayoyaona barabarani. Ya kwanza magharibi mwa Kanada ilijengwa Niverville, Manitoba, mwaka 1879, na ilikuwa ya duara. Ya pili ilijengwa Gretna mwaka 1881 na kampuni ya kusaga ya Ogilvie, na hiyo ilikuwa ya pembe nne. Umbo hilo ndilo lililoigwa kila mahali. Reli ya Canadian Pacific ilipokamilika mwezi Novemba 1885, mlango wa bahari ukafunguka kwa ngano ya ndani kabisa ya bara. Kampuni ya reli haikuwa na hamu ya kujenga maghala yenyewe, ikataka wengine watoe mtaji. Ikasema: atakayejenga eleveta ya kiwango, isiyopungua busheli 25,000 na yenye mashine ya kupandishia, atapewa kiwanja kando ya reli, na kwenye kituo hicho hatutapokea nafaka kutoka kwenye vibanda vya kawaida wala kwa mkulima anayepakia mwenyewe kutoka kwenye gari lake la farasi. Soma tena masharti hayo. Mkulima aliyefika kituoni na ngano yake alikuwa na mnunuzi mmoja, au wawili waliokubaliana bei, na nyumba yake iko mbali, na theluji inakuja.

Kuhusu wingi wake, jibu ni farasi. Gari la farasi wawili lenye shehena haliendi mbali na kurudi siku hiyohiyo, hasa barabara ikiwa tope. Kwa hiyo vituo vya reli viliwekwa kila baada ya kilomita kumi hadi kumi na tano hivi, na kila kituo kikapata eleveta, kisha kijiji kikaota kuzunguka eleveta. Kampuni zilipozidi kuwa nyingi, kituo kimoja kilipata tatu, nne, tano, zimejipanga mstari mmoja kando ya reli, kila moja na rangi ya mwenyewe. Kilele kilikuwa mwaka 1933: eleveta 5,758 katika Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Kwenye ardhi tambarare namna ile, msafiri aliona kijiji kwa eleveta yake muda mrefu kabla hajaona nyumba. Jina lililoandikwa ubavuni lilimsaidia abiria wa treni kujua amefika wapi, na baadaye likawasaidia hata marubani wa ndege ndogo.

Ngoja nikuingize ndani kwa maneno, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini wazee wanaongea kwa huzuni.

Tuseme ni mwaka 1925, mwezi wa tisa, mavuno yamekolea. Mkulima anapanda na gari lake kwenye mwinuko wa mbao, anaingia kwenye njia inayopita katikati ya jengo, anasimama juu ya mizani. Farasi hawapendi, sakafu inaunguruma chini ya kwato. Wakala wa kampuni anatoka ofisini, anachota ngano kwa kopo, anaimwaga kiganjani. Anaitazama kama imekunjamana kwa ugonjwa wa kutu, kama imepigwa na baridi ikabadilika rangi, kama ina mbegu za magugu. Anatia punje chache mdomoni na kuzivunja kwa jino kusikia ugumu wake. Kisha anapima sampuli kwenye mizani ndogo, anaipitisha kwenye chekeche, anapima tena kilichobaki. Tofauti ndiyo takataka, na asilimia hiyo inakatwa kwenye mzigo mzima. Halafu sehemu ya mbele ya gari inainuliwa, mlango wa nyuma unafunguliwa, ngano inatiririka kupitia nondo za sakafuni na kuingia kwenye shimo. Gari tupu linapimwa tena.

Chini ya shimo kuna mkanda wa vikombe, ule ule wa Buffalo. Injini ya silinda moja inagonga polepole kutoka kwenye kibanda cha pembeni, mkanda unapanda hadi kwenye kile kichwa cha jengo unachokiona kimechomoza juu ya paa, na huko kuna mdomo unaozungushwa kwa usukani ulio huku chini. Wakala akizungusha usukani, mdomo unaelekea kihenge anachotaka: hiki cha ngano daraja la kwanza, kile cha la pili, kile cha oti, kile cha shayiri. Akitaka kupakia behewa anafungua kihenge, ngano inarudi chini, inapandishwa tena hadi kwenye mizani ya juu, kisha inateremka kwa bomba hadi ndani ya behewa. Milango ya mabehewa ya zamani ilizibwa kwa mbao za kupigilia ili nafaka isimwagike, na mtu aliingia ndani na koleo kusawazisha. Wakala mwenyewe alipotaka kwenda juu kukagua alisimama kwenye kijukwaa chembamba kilichosawazishwa na vyuma vyenye uzito kama wake, akajivuta kwa kamba.

Mkulima anaingia ofisini kuchukua tiketi. Hapo ana uchaguzi. Anaweza kuuza papo hapo kwa bei ya siku. Anaweza kuchukua tiketi ya hifadhi, akalipia utunzaji na kusubiri bei ipande, na siku akija anapewa ngano ya daraja lake, ingawa si punje zake. Akiwa na mzigo mkubwa na hamwamini wakala, anaweza kudai ngano yake iwekwe kihenge cha peke yake. Na kwa sheria zilizokuja baadaye, wakibishana juu ya daraja, sampuli inafungwa na kutumwa kwa mkaguzi wa serikali Winnipeg, na neno la mkaguzi ndilo la mwisho. Haki hiyo ya sampuli, kwa maoni yangu, iliwasaidia wakulima wa kule kuliko matrekta.

Wizi ulikuwepo, tena wa kila namna: mizani iliyochezewa, takataka zilizokatwa kupita kiasi, daraja lililoshushwa kwa kisingizio cha baridi. Kwetu udanganyifu hufanyika juu ya gunia, kwa rumbesa. Kule ulifanyika chini, penye chekeche na mizani, ambako mkulima haoni vizuri. Lakini niwe mwadilifu kwa mawakala. Wengi walikuwa majirani, waliwakopesha watu mpaka mavuno, na walijua wakimwibia mtu Jumatatu wataketi naye kanisani Jumapili. Kijiji kisichokuwa na hoteli kilikuwa na ofisi ya eleveta yenye jiko la makaa, na habari zote za wilaya zilipita hapo. Kwa hiyo mzee anayekusimulia kwa majonzi anakumbuka pia ile baraza.

Jengo lenyewe ni kazi ya maseremala wenye akili. Kuta hazikusimamishwa kwa nguzo na kuzibwa kwa mbao. Mbao zililazwa kwa ubapa, moja juu ya nyingine, na kupigiliwa misumari tangu chini hadi juu, zikiwa pana zaidi chini na nyembamba kadiri unavyopanda. Ukuta wa namna hiyo unavumilia nafaka inayosukuma kwenda nje. Na nafaka inasukuma kwa tabia yake ya pekee: mwaka 1895 mhandisi Mjerumani aitwaye Janssen alionyesha kwamba ndani ya kihenge uzito hauongezeki chini bila kikomo kama wa maji, kwa sababu punje hung'ang'ania ukuta na ukuta unabeba sehemu kubwa ya mzigo. Msingi ukishindwa, hata hivyo, hesabu hizo hazikuokoi. Nje ya Winnipeg, pale Transcona, mwezi Oktoba 1913, eleveta kubwa ya zege ya kampuni ya reli ilianza kuzama upande mmoja wakati inajazwa kwa mara ya kwanza, hadi ikalala karibu nyuzi 27. Udongo wa mfinyanzi chini yake ulikuwa umeshindwa. Vihenge havikupasuka. Wakamwaga nafaka, wakachimba chini yake, wakaisimamisha tena, na wanafunzi wa uhandisi wa udongo wanafundishwa kisa hicho mpaka leo.

Adui mkubwa wa eleveta ya mbao alikuwa moto. Vumbi la nafaka likiwa limetanda hewani kwa kiasi cha kutosha, cheche moja inatosha kulipua. Ndiyo maana injini na ofisi vilijengwa kando, na ndiyo maana kuta zikavalishwa bati, kwa sababu vichwa vya treni za mvuke vilipita hapo karibu vikitema makaa.

Turudi kwenye mizani. Bunge la Kanada lilipitisha Sheria ya Nafaka ya Manitoba mwaka 1900. Ilimpa mkulima haki ya kupakia behewa mwenyewe kwenye jukwaa bila kupitia eleveta. Mwaka uliofuata mavuno yakawa makubwa mno, reli ikalemewa, na mabehewa machache yaliyokuwepo yakaenda kwa kampuni za eleveta. Mkulima akabaki na haki ya kupakia behewa asilolipata. Desemba 1901 wakulima wakakutana Indian Head, katika eneo ambalo sasa ni Saskatchewan, wakaunda chama chini ya W. R. Motherwell, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa kilimo. Wakashinikiza sheria irekebishwe: pawepo daftari la maombi kituoni, na mabehewa yagawiwe kwa kufuata mstari wa daftari, awe kampuni au mtu na gari lake. Mwaka 1902 wakala wa reli wa kituo cha Sintaluta akalidharau daftari. Chama hakikwenda kupiga kelele, kilikwenda mahakamani. Wakala alitozwa faini ya dola 50 na gharama, rufaa ikafika hadi Mahakama ya Juu ya nchi, na wakulima wakashinda. Dola hamsini si kitu kwa kampuni ya reli, lakini baada ya hapo daftari likaheshimiwa.

Sintaluta hiyohiyo ndiko alikotoka E. A. Partridge, mtu wa maneno makali, aliyeongoza kuanzishwa kwa kampuni ya wakulima ya kuuza nafaka mwaka 1906. Ilipata kiti kwenye soko la nafaka la Winnipeg na muda si mrefu ikafukuzwa, kosa lake likiwa mpango wa kugawia wakulima faida kulingana na mzigo walioleta. Wakubwa wa soko walisema hiyo ni kurudisha kamisheni kinyume cha kanuni. Siasa zikaingilia, kiti kikarudishwa mwaka 1907. Baadaye kampuni za wakulima ziliungana, ikaja United Grain Growers mwaka 1917. Kisha miaka ya 1920 wakili wa California, Aaron Sapiro, akazunguka Prairie akihubiri kwamba wakulima wauze ngano yao kwa mkataba, kwa pamoja. Alberta ikaanzisha ushirika wake wa ngano mwaka 1923, Saskatchewan na Manitoba mwaka 1924. Miaka michache baadaye ushirika wa Saskatchewan ulikuwa na eleveta karibu kila kijiji. Kwa mara ya kwanza aliyeshika mizani alikuwa ameajiriwa na mwenye ngano.

Ushirika ulijikwaa haraka. Kwa mavuno ya 1929 waliwalipa wanachama malipo ya awali ya dola moja kwa busheli, bei ya dunia ikaporomoka chini ya hapo, na mwaka 1932 busheli ilishuka chini ya senti 40. Serikali za majimbo zililazimika kuwadhamini. Eleveta zilibaki mikononi mwao, lakini uuzaji wa ngano nje ukahamia kwa bodi ya serikali iliyoundwa mwaka 1935, ambayo tangu 1943 hadi 2012 ndiyo iliyokuwa muuzaji pekee wa ngano ya Prairie. Kwa msomaji aliyekulia enzi za mamlaka za mazao na bodi za mazao, hii ni hadithi inayoeleweka bila maelezo.

Halafu nini kiliziua? Wengi watakwambia ni malori, nawe dereva utajisikia una hatia. Malori yalichangia, kweli. Barabara zilipoboreshwa baada ya Vita vya Pili, hakuna aliyehitaji kituo kila kilomita kumi. Ila malori yalikuwepo miaka ya 1950, na eleveta ziliendelea kusimama kwa maelfu miaka thelathini zaidi. Kilichozishikilia kilikuwa nauli. Mwaka 1897 serikali iliipa Canadian Pacific takribani dola milioni 3.4 ijenge reli kupitia njia ya milimani ya Crowsnest, na kwa malipo hayo kampuni ikakubali kushusha nauli ya nafaka moja kwa moja, bila ukomo. Nauli hiyo ikawekwa kwenye sheria mwaka 1925. Fikiria bei ya 1897 ikitumika mwaka 1975. Reli zikawa zinapata hasara kwa kila behewa la ngano, zikaacha kutengeneza njia ndogo za vijijini na kuacha kununua mabehewa, mpaka serikali ikaanza kununua mabehewa yenyewe kuanzia 1972. Bila shaka umeyaona, yameandikwa Canada ubavuni na kuchorwa suke la ngano.

Nauli hiyo ilifutwa kwa sheria ya mwaka 1983, ikabaki ruzuku, na ruzuku ikaondolewa mwaka 1995. Kuanzia hapo mkulima alilipa gharama halisi ya treni, na reli zikatoa punguzo kwa anayepakia treni ndefu kwa mpigo, mabehewa hamsini, mia na zaidi. Eleveta ya mbao inapakia mabehewa machache kwa siku. Pakajengwa vituo vikubwa vya zege, vichache, mbalimbali, na ngano ikaanza kusafiri kwa malori masafa marefu kuvifikia. Reli za matawi zikang'olewa. Kijiji kilichopoteza eleveta kilipoteza kodi yake kubwa kuliko zote, kikabakiwa na barabara za changarawe zilizochimbwa na malori mazito ambayo hakuna fedha ya kuzirekebisha.

Kitu kinachowaumiza wazee zaidi ni kwamba wabomoaji wengi walikuwa ni ushirika wao wenyewe. Ushirika wa Saskatchewan uliingia soko la hisa mwaka 1996, ule wa Alberta na wa Manitoba ukaungana mwaka 1998, na mwaka 2007 Saskatchewan ikainunua kampuni iliyotokana na muungano huo na kujiita Viterra. Mwaka 2012 Viterra ikanunuliwa na Glencore ya Uswisi. Jengo lisilotumika lilikuwa na kodi, bima na hatari ya mtoto kudondoka ndani. Tena kuliuza kwa mwingine ni kumkaribisha mshindani. Kwa hiyo likaletwa jembe la mitambo, likauma kona moja ya chini mpaka mnara ukalala, kisha moto. Watu walibeba viti kwenda kutazama. Mimi sikubaliani na wanaosema ingefaa zote zihifadhiwe, kwani hakuna kijiji cha watu mia mbili kinachoweza kupaka rangi mnara wa ghorofa nane kila baada ya miaka michache. Lakini kubomoa kwa haraka vile, huku wanakijiji wakiomba wauziwe hata kwa dola moja, kulikuwa ni ukaidi.

Zilizookolewa ni chache. Inglis, Manitoba, ambako reli ilifika mwaka 1922, mstari mzima wa eleveta tano umebaki na sasa ni eneo la kihistoria la taifa. Nanton, Alberta, wakazi waliziokoa zao baada ya reli kung'olewa. Fleming, Saskatchewan, ilikuwepo ya mwaka 1895, kongwe kuliko zote zilizosimama pale pale zilipojengwa. Ilishatambuliwa, ilishaanza kukarabatiwa, na Februari 2010 ikateketea usiku mmoja.

Umeuliza kwa nini sisi hatukuwa nazo. Afrika zilifika: Afrika Kusini ilijenga mtandao wa eleveta za zege kando ya reli zake miaka ya 1920, na ile ya bandari ya Cape Town tangu 2017 ni jumba la sanaa. Kwetu, jibu la kwanza ni hali ya hewa. Kule ngano inavunwa ikiwa kavu au karibu kukauka, na baridi ya chini ya sifuri inaua wadudu bure. Mahindi ya Makambako yakimwagwa kwenye kihenge cha mbao yakiwa na unyevu wa asilimia 16, wiki chache baadaye una joto, ukungu na sumukuvu, na dumuzi wanasherehekea. Lazima pawepo kikausho na feni za kupuliza hewa, kama vilivyo kwenye vihenge vya chuma vya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, ulivyoviacha pale mjini kwenu. Jibu la pili ni gunia. Mkulima mwenye magunia kumi na tano, anayeuza mawili leo kwa ajili ya ada ya shule na kubakiza mengine ya kula, hana sababu ya kumwaga mahindi yake kwenye shimo la mtu.

Kanada yenyewe ilishakuja kwetu na ngano. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifadhili mashamba makubwa ya NAFCO, shirika la serikali ya Tanzania la kilimo na chakula, huko Hanang, na wataalamu na mashine nyingi zilitoka hukohuko unakoendesha lori. Ngano ilikubali, lakini ardhi ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Waliotuletea mashine za Prairie hawakutuletea lile daftari la Sintaluta. Kilichofika kwa njia nyingine ni karatasi: Tanzania ilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2005, Kenya mwaka 2019. Ukiwasikiliza wakulima wa korosho wakilalamika, hawalalamikii paa la ghala. Wanalalamikia daraja walilopewa, makato, na malipo kuchelewa. Ukiniuliza pa kuanzia na mahindi, ningeanza na kipima unyevu na mizani iliyokaguliwa kwenye kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, na haki ya mkulima kudai sampuli yake ipimwe na mtu asiye mnunuzi. Zege lingesubiri.

Kuhusu hiyo iliyo karibu na unapoegesha: usiingie. Sakafu ya njia ya magari ina shimo chini yake, na mbao zilizoloa miaka ishirini hazikupi onyo. Kinyesi cha njiwa kikikauka kinatoa vumbi lenye ukungu unaoshambulia mapafu. Vyuma vya kusawazisha kijukwaa cha wakala huenda bado vinaning'inia kwa kamba iliyooza. Na ukikuta kihenge kina nafaka, usiikanyage hata kama uso wake umeganda, kwani chini panaweza kuwa na uwazi na mtu humezwa kwa sekunde chache. Halafu nyingi zina mwenyewe, mkulima aliyeinunua kuwekea mbegu, hivyo ungeingia kwenye mali ya watu. Nenda Inglis, iko kaskazini ya mji wa Russell, si mbali sana na kwako, na kiangazi unaweza kuingia ndani ukaona mkanda wa vikombe na mizani vikiwa mahali pake. Ila nenda na gari dogo. Theluji inapoyeyuka, barabara nyingi za vijijini za Manitoba huwekewa kikomo cha uzito, na faini yake utailipa wewe, siyo tajiri wako.